Tulinagwe na Mkojo wa Figo

Tulinagwe wa Nkunga hampi mtu kitu kibichi mkononi. Ukimwomba maji ya kunywa atafuta kikombe kwa ncha ya khanga, hata kama kimekaa kabatini tangu jana. Akikupa ndizi zilizonyeshewa atazipangusa moja moja huku wewe umesimama na kikapu chako, na mvua inakunyeshea. Nilipomzoea nilimuuliza sababu. Akacheka, akasema mama yake angemchapa.

Mvua ya huku kwetu haina adabu ya kuchagua miezi. Nguo hukaa kambani siku tatu na bado kola ina unyevu. Ndiyo maana majiko mengi ya Nkunga yana kamba juu ya moto, na kwenye kamba hiyo utakuta soksi za shule, mashati ya kanisani yanayonuka moshi kidogo, na nepi za mtoto kama nyumba ina mtoto. Tulinagwe amelea watoto watano chini ya kamba kama hiyo. Mumewe alikufa yule wa mwisho akiwa darasa la pili. Tangu hapo amelima mwenyewe robo tatu ya ekari ya chai na migomba iliyozunguka nyumba, na kila Jumapili huimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Ana miaka kama sitini. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwenye kucha kwa utomvu wa chai, weusi ambao hata sabuni ya hospitali haikuutoa, ingawa nilimsugua mimi mwenyewe.

Alizaa sita. Wa tatu alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba, naye aliweza kulala ndani ya kikapu cha kuchumia chai. Walimweka karibu na moto. Siku ya tatu nepi zake zilianza kutoka kavu, na siku ya nne akafa kabla ya kupewa jina. Habari hii alinisimulia baadaye sana. Siku ninazotaka kuzieleza sikuijua.

Zilikuwa siku za mwezi wa nne mwaka huu. Bintiye Agness aliletwa hospitalini kwetu, hapa Tukuyu, akiwa na presha ya mimba iliyompanda mpaka akadondoka kwa degedege. Alifanyiwa upasuaji mimba ikiwa na wiki thelathini. Mtoto alikuwa wa kike, kilo moja na gramu mia mbili. Agness mwenyewe alibaki wodi nyingine, uso umevimba, hajui asubuhi wala jioni. Mumewe alikuwa machimboni Chunya na simu yake haikupatikana. Kwa hiyo kifua cha kumbeba mtoto kilikuwa kimoja tu, cha bibi yake.

Nimekuwa muuguzi miaka kumi na tisa, na kwa sehemu kubwa nimewauguza watoto njiti. Nilimkalisha Tulinagwe kitandani katika chumba cha kangaruu, cha kubebea njiti kifuani, nikamfungua blauzi, nikamlaza mtoto kati ya matiti yake, nikawafunga wote wawili kwa kitenge. Nikamfundisha kama ninavyowafundisha wote.

"Adui wa kwanza wa njiti ni baridi, mama. Chochote chenye unyevu kisimguse, na kisikae karibu naye."

"Kisikae karibu naye," akarudia, kama anayekariri aya ya kipaimara.

"Na kila baada ya saa tatu tutambadilisha nepi. Ile iliyotoka usiitupe. Nipe mimi."

"Nitakupa, sisita."

Sikumwambia naitaka ya nini. Nilikuwa na watoto tisa siku hiyo, na nilidhani jambo lenyewe liko wazi.

Figo za njiti hazijamaliza kutengenezwa anapozaliwa. Zinaanza kazi zikiwa mbichi, na hakuna dalili ya nje ya kukuonyesha kama zimeanza au zimegoma, isipokuwa mkojo. Mifuko ya kunasia mkojo hatukuwa nayo, na hata ingekuwepo gundi yake ingemchuna ngozi, maana ngozi ya njiti ni kama ganda la ndani la kitunguu. Kwa hiyo tunapima nepi. Nepi kavu inapimwa kwenye mzani mdogo, uzito wake unaandikwa, kisha inapimwa tena ikitoka kwa mtoto. Gramu moja iliyoongezeka ni mililita moja ya mkojo. Mtoto wa uzito ule alipaswa kutoa angalau gramu nne kwa kila saa tatu.

Siku ya kwanza watoto wengi hawakojoi sana, hatukushtuka. Siku ya pili nepi zilikuja na gramu mbili, moja, sifuri, moja. Siku ya tatu alfajiri, sifuri.

Daktari Medard, kijana wa Bukoba aliyepangiwa kituo kwetu mwaka jana, aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu. Ni mtu wa kuongea taratibu, na akiogopa huongea taratibu zaidi.

"Kreatinini imerudi," akasema. Hicho ni kipimo cha damu cha figo. "Imepanda kidogo kuliko ya juzi."

"Ya juzi si ilikuwa ya mama yake?"

"Ndiyo. Ya siku ya kwanza ni ya mama, imevuka kwa kitovu, na figo za mama nazo ziliumizwa na presha. Ndiyo maana sikuihesabu. Na njiti wengi inawapanda kidogo siku za mwanzo, halafu inashuka. Peke yake nisingeiogopa, Sista. Lakini kupanda bila mkojo?"

"Bibi yake anasema anakojoa."

"Bibi gani atasema mjukuu wake hakojoi?" Akagusa mzani kwa kalamu. "Huu hauna mjukuu."

Nilicheka kidogo. Najuta kicheko kile.

Jana yake tulikuwa tumempa maji ya ziada kwa dripu ili kuziamsha figo, na mkojo haukuonekana. Sindano ya jentamaisini, dawa iliyokuwa inamkinga na maambukizi, ilibidi isimamishwe, kwa sababu hupita kwenye figo na zikiwa zimefunga hubaki mwilini na kuziua kabisa. Maji zaidi yangeweza kumjaa mapafuni. Bila maji angekauka. Kila mlango tulioutazama ulikuwa na kifo nyuma yake, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala kifuani kwa bibi yake, kichwa chake sawa na ndimu, anapumua.

"Tumpeleke Mbeya," akasema Daktari Medard. "Gari litarudi saa kumi. Utamsindikiza wewe."

Nikasema sawa. Sikumweleza ninachokiogopa, kwa sababu kilitokea yeye akiwa hajafika kwetu.

Miaka miwili iliyopita, pia wakati wa masika, nilisindikiza njiti mwingine kwenda Mbeya, wa kiume, kwa sababu hii hii ya kutoona mkojo. Tuliondoka na chupa za maji ya moto zimemzunguka. Barabara inapanda mpaka Isongole, na Isongole ina baridi ya viazi, ukungu unaingia hata kwenye gari lililofungwa vioo. Mbele yetu lori lilikuwa limelala njiani. Tulisubiri. Chupa zilipoa, nikamtia mtoto ndani ya nguo zangu, nikamwambia dereva awashe joto la gari, akaniambia limekufa tangu Krismasi. Nikahisi kwenye ngozi yangu mwenyewe pale mtoto alipoacha kuwa na joto lake na kubaki na la kwangu. Tuligeuza gari kabla ya kufika Mbeya.

Asubuhi ile nilikwenda kumwambia Tulinagwe. Nilimkuta anaongea na Veronika, mkulima wa viazi wa hukohuko Isongole, aliyekuwa na njiti wake wa wiki tatu na mdomo usiochoka.

"Sista, mwambie huyu bibi alale," Veronika akasema. "Usiku kucha anamhesabia mtoto pumzi. Ingekuwa viazi, tungekuwa tumeshauza gunia."

"Lala wewe," Tulinagwe akamjibu. "Wa kwako ana mashavu. Wa kwangu ana macho tu."

Nikapiga magoti karibu na kitanda. "Mama, figo za mtoto hazifanyi kazi vizuri. Mkojo wa figo hatuuoni. Daktari anataka aende Mbeya leo."

Uso wake haukubadilika mara moja. Mkono wake ndio uliobadilika. Ulikuwa unampapasa mtoto mgongoni, ukasimama.

"Hatuuoni," akasema.

"Nepi zinatoka kavu, mama."

Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipojulikana. Sasa najua alichosikia. Alisikia kikapu cha chai, na siku ya tatu.

"Kyala," akasema polepole. Hilo ni jina la Mungu kwa Kinyakyusa. Kisha akaanza tena kumpapasa mtoto mgongoni.

Mchana wote nilifanya kazi kwa mikono tu. Nilichemsha maji ya chupa, nikazijaza, nikazimwaga, nikazijaza tena. Nilimuuliza dereva kwa simu kama joto la gari limetengenezwa, akasema gari ni jingine. Nikauliza, "Lakini joto lipo?" Akasema, "Sista, nitaangalia." Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya uwanja, na ukiuona Tukuyu ujue Isongole hakuonekani kitu.

Saa nane nilikwenda kuchukua nepi ya mwisho kabla ya safari. Tulinagwe alikuwa tayari amembadilisha mtoto. Hita ya chumba kile iko kati ya kitanda chake na ukuta. Akainama upande wa ukuta, akainuka, akanipa nepi imekunjwa mara nne, pembe zimelingana kama kitambaa cha meza ya Bwana.

Nikaipokea. Ilikuwa na joto.

Sikuelewa. Nilisimama nayo. Nepi inayotoka kwa mtoto huwa vuguvugu kwa dakika moja, halafu inakuwa ya baridi na nzito. Hii ilikuwa ya moto kama chapati iliyotolewa kwenye kikaango, na nyepesi. Nikaikunjua. Katikati kulikuwa na duara la rangi ya chai ya majani yaliyochujwa mara nyingi, lenye ukingo uliokolea kidogo, kama alama inayobaki chai ikimwagika mezani ikakauka yenyewe.

"Mama," nikasema, "mbona hii nepi ina joto?"

Akatazama mlangoni, kisha akatazama tangazo lililobandikwa juu ya hita, ambalo niliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: USIANIKE NGUO HAPA.

"Bibi Tulinagwe anaanika," Veronika akasema kutoka kitandani kwake. "Nyuma huko, ukutani. Mimi sikusema kitu, Sista, mimi nilijua wote tunaiba joto. Hata mimi soksi zangu—"

"Nisamehe, sisita," Tulinagwe akasema. "Sikuziweka juu. Niliziweka pembeni, zisishike moto."

"Zote?"

"Zote. Wewe ulisema kitu kibichi kisikae karibu naye. Na ulisema nikupe nepi. Nikaona, nitampaje sisita mkojo mkononi? Nikawa nazikausha kwanza. Nilijua mnazihesabu, zisipotee."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni.

"Kwa hiyo zilikuwa zinatoka mbichi."

"Mbichi! Usiku wa kuamkia leo alinilowanisha mpaka tumboni."

"Mama, asubuhi nilikuambia ni kavu. Kwa nini hukunikatalia?"

Akaanza kulia bila sauti, huku amemshika mtoto asitikisike. "Ulisema mkojo wa figo. Nikajua kumbe kuna mwingine. Nikajua huu wa kawaida, huu wa kulowanisha, haumo kwenye hesabu. Ninyi ndio mmesoma."

Daktari Medard alikuja karibu anakimbia. Nilimweleza. Aliishika ile nepi, akaigeuza, akainusa bila haya, akatazama nyuma ya hita. Nilidhani atafurahi. Alisema, taratibu sana, "Alama haina gramu, Sista. Inawezekana ni matone mawili yaliyosambaa. Siwezi kumzuia hapa kwa alama."

"Basi nipe muda wa nepi moja. Nikae hapa hapa."

Akatazama saa. "Gari saa kumi. Naweza kulishikilia mpaka kumi na nusu, si zaidi. Giza likiingia njiani na ukungu huu, unajua mwenyewe."

Najua mwenyewe.

Nilipima nepi mpya, ikawa gramu kumi na nane. Nikamvisha. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Kisha tukakaa, mimi kwenye kiti, Tulinagwe kitandani, na kitenge kati yetu kikipanda na kushuka kwa pumzi ndogo mno. Sijawahi kuogopa kitambaa kama nilivyokiogopa kile. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa njia ya Isongole. Sasa niliogopa vitu viwili: kwamba nepi itakuwa kavu, na matumaini niliyompa bibi huyu kwa saa mbili yatakuwa ukatili, au itakuwa mbichi, na itamaanisha kwamba tulimjaza maji bure, tukamnyima dawa bure, na tukakaribia kumtia kwenye ukungu bure.

Saa tisa nilitaka kuchungulia. Tulinagwe akauzuia mkono wangu.

"Ukimfunua atapoa," akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Saa tisa na nusu gari lilisikika likiingia getini. Lilikuwa limewahi. Dereva akazima injini. Tulinagwe akaanza kuimba kwa pua, sauti ya pili ya wimbo fulani wa kanisani, bila ile ya kwanza, ikawa kama mtu anayejibu asiyeulizwa. Mtoto alikunja uso, akanyoosha mguu mmoja usiozidi kidole changu, akatulia. Sikujua maana yake. Kwa njiti kukunja uso kunaweza kuwa kitu chochote, hata mwanzo wa mwisho.

Saa kumi na robo Daktari Medard akasimama mlangoni, amevaa koti la mvua. "Sista," akasema tu.

Tukafungua kitenge. Tulinagwe akaitoa nepi mwenyewe kwa vidole vyake vyenye kucha nyeusi. Kabla hajaniangalia nilijua, kwa sababu mkono wake ulikwenda upande wa ukuta wenyewe, kwa mazoea, kuelekea kwenye hita. Ukasimama njiani. Akarudisha. Akanyoosha mikono yote miwili, amegeuza uso pembeni kwa aibu kama mtu anayeonyesha kidonda chake, akanipa.

Ilikuwa mbichi. Ilikuwa ya baridi na nzito, ikanilowanisha kiganja.

Mzani uliandika ishirini na nne. Gramu sita, kwa muda usiofika saa mbili. Daktari Medard akaitoa, akarudisha mzani kwenye sifuri, akaipima tena. Sita. Akavua koti la mvua, akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha Veronika bila kuomba ruhusa.

"Mwambie dereva aende," akasema.

"Ndiyo huo wa figo?" Tulinagwe akauliza. Bado alikuwa amegeuza uso.

"Ndiyo huo, bibi. Hakuna mwingine."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Ndaga fijo," akasema. Ni asante sana. Lakini hakuwa anamwambia daktari wala mimi.

"Nilikuambia ulale," Veronika akamwambia Tulinagwe.

Hatukulala, na hatukupona hofu siku hiyo. Dripu ilipunguzwa, dawa ikarudishwa kwa kupangwa upya, na kwa siku mbili nilisikiliza mapafu ya mtoto kila saa nikitafuta yale maji tuliyomwongezea. Siku ya tano kreatinini ilishuka. Siku ya tisa Agness aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akamuona mwanawe kwa mara ya kwanza, akauliza kama mtoto mwenyewe ni huyo tu. Wiki ya saba mtoto alikuwa kilo moja na gramu mia tisa, wakarudi Nkunga. Walimpa jina Beatrice, siku ya tatu tu baada ya lile gari kuondoka, bila kusubiri mama yake apate nguvu ya kuchagua. Tulinagwe alisema hawezi kusubiri tena jina la mtoto.

Tangazo langu la kalamu nyekundu nimelitoa. Jipya linasema nepi ni ya nini, kwa maneno manne ya Kiswahili, na Veronika kabla ya kuondoka alinisaidia kuliandika kwa Kinyakyusa pia. Na siku hizi, kabla ya kuweka nepi kwenye mzani, huwa naishika kwanza kiganjani na kufumba macho.

Wengine hudhani naomba. Ninamkumbuka yule wa kiume aliyenifia Isongole. Naye alikuwa na bibi. Naye alizaliwa masika, katika chumba kile kile, hita ikiwa mahali pale pale, na nepi zake zilinifikia kavu, zimekunjwa vizuri. Nimejaribu kukumbuka kama zilikuwa na joto. Ningeweza kwenda kumuuliza yule bibi. Najua kijiji chake, si mbali. Nimefika mpaka njia panda mara mbili, mara zote mbili nikarudi.

Mwezi uliopita nilipita Nkunga kumwona Beatrice. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulinagwe alimchukua mtoto kutoka mgongoni kwa Agness ili anipe, akamkuta amekojoa, nepi na nguo na kila kitu. Agness akasema, "Mama, ngoja nimbadilishe kwanza." Tulinagwe akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akanyoosha mikono.

"Mpokee hivyo hivyo, sisita," akasema.

Nikampokea.